Mapitio ya Orodha Unganishi ya Majina ya Antaktika, kwa anayetafuta miamba midogo

Huduma ninayoitathmini hapa ni Orodha Unganishi ya Majina ya Antaktika, inayotolewa bure mtandaoni na Kamati ya Kisayansi ya Utafiti wa Antaktika, ambayo hujulikana zaidi kwa kifupi chake, SCAR. Kazi ya kuikusanya ilianza mwaka 1992 chini ya uongozi wa Italia, toleo lake la karatasi likachapishwa Roma mwaka 1998, na siku hizi taarifa zake hutunzwa katika kituo cha data cha Antaktika cha Australia. Ina majina zaidi ya 37,000 yaliyowasilishwa na nchi zaidi ya 20. Wengi huifungua wakitafuta milima, barafuto (mito ya barafu) na vituo vya utafiti. Mimi nimeipima kwa jambo moja tu, nalo ni majina ya miamba midogo isiyokaliwa na mtu, ile ambayo katika ramani za kawaida huonekana kama nukta au haionekani kabisa. Nimechagua kipimo hicho kwa sababu mlima mkubwa hauisumbui orodha yoyote. Umakini wa wakusanyaji hujulikana pale wanaposhughulikia jiwe lenye upana wa mita chache, katikati ya bahari ya ukungu na barafu inayoelea, ambalo pengine limeonwa na watu wachache sana tangu lipewe jina.

Jambo la kwanza ambalo mtumiaji anapaswa kulielewa ni kwamba SCAR yenyewe haitoi jina hata moja. Majina hutolewa na mamlaka za nchi: Uingereza ina kamati yake ya majina ya Antaktika tangu mwaka 1945, Bulgaria iliunda tume yake mwaka 1994, na Marekani, Argentina, Chile, Norway, Urusi na nyinginezo zina vyombo vyao. Kazi ya SCAR ni kuyapokea majina hayo na kuyaweka pamoja. Kila jina lina ukurasa wake unaoonyesha nchi iliyolitoa, aina ya umbile (mlima, mwamba, kisiwa na kadhalika), latitudo na longitudo, na mara nyingi maelezo mafupi ya asili ya jina. Kisha majina yote yanayohusu umbile moja huunganishwa kwa namba moja. Muunganisho huo ndio uti wa mgongo wa huduma nzima, na ndio unaoitofautisha na orodha ya nchi moja moja.

Nilianzia Deception Island katika visiwa vya South Shetland, karibu na Rasi ya Antaktika, kwa sababu bandari yake ilitumiwa na wawindaji wa sili na baadaye na wavuvi wa nyangumi, na mabaharia hawakai mahali bila kuyapa majina mawe yanayotishia vyombo vyao. Kusini-magharibi mwa kisiwa hicho kuna Sail Rock, mwamba wenye kimo cha mita 30 hivi. Anayeuona kwa mbali hudhani ni meli iliyotweka tanga, na ndiyo asili ya jina lake, lakini maelezo yanaongeza kwamba akiukaribia atauona umefanana zaidi na nyumba yenye paa la mgongo. Sentensi hiyo moja ina faida kuliko nukta ya kwenye ramani. Inatujulisha kwamba aliyelitoa jina alikuwa mbali, yumo melini, anautazama upeo wa bahari ambao chombo kingine kingeweza kuwa mwenzake au mshindani wake, na kwamba jina lilishika kabla ya mtu yeyote kujisumbua kulisogelea jiwe lenyewe.

Upande wa kusini-mashariki wa kisiwa hichohicho kuna nguzo tatu za mawe zinazoitwa Sewing-Machine Needles, yaani sindano za cherehani. Wavuvi wa nyangumi waliuita cherehani mwamba mmojawapo, ule uliokuwa na tao la asili lililowakumbusha umbo la mashine hiyo. Mwaka 1924 tetemeko la ardhi, jambo lisilo la ajabu katika kisiwa ambacho chenyewe ni volkano hai, lililiangusha tao hilo. Wapimaji wa jeshi la majini la Uingereza walipofanya kazi yao huko mwaka 1949, cherehani ilikuwa imekwisha na zilizobaki ni sindano, hivyo jina likarekebishwa lifuate hali halisi ya mawe. Sijui mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini maelezo ya asili ya jina yanastahili kuhifadhiwa kwa uangalifu uleule unaotolewa kwa latitudo na longitudo. Bila maelezo hayo, jina hili lingeonekana kuwa mzaha wa mabaharia. Pamoja nayo, tunapata ushahidi wa tetemeko, wa mwaka wake, na wa umbo ambalo hakuna atakayeliona tena.

Mfano wa tatu kutoka kisiwa hicho ni wa hatari zaidi. Mlango wa kuingilia bandarini, uitwao Neptunes Bellows, ni mwembamba, na karibu na katikati yake umelala Ravn Rock, mwamba uliozama mita 2.5 tu chini ya maji. Msafara wa Kifaransa ulioongozwa na Jean-Baptiste Charcot kati ya mwaka 1908 na 1910 uliupa jina la Ravn, meli ya kuvulia nyangumi iliyokuwa ikifanya kazi katika maji hayo. Mgeni anayetazama mlango huo kwa macho huona maji matupu mbele yake na kuvutiwa kupita katikati, ilhali njia salama iko pembeni, karibu na majabali. Jina la mwamba wa namna hii lina kazi: linawawezesha nahodha na msaidizi wake kuelewana kwa neno moja wakati ambapo hakuna nafasi ya maelezo marefu. Katika mifano hii mitatu orodha imefanya kazi yake vizuri sana, na ningependa kila anayeifungua kwa mara ya kwanza aanzie hapo.

Kutoka Deception nilielekea kaskazini-mashariki, hadi kwenye visiwa vidogo vya Aitcho vilivyo kati ya Robert Island na Greenwich Island. Mtu anayelisoma jina hilo atalidhania kuwa la Kihispania au la wenyeji wa mahali fulani. Ukweli ni kwamba ni herufi mbili tu, H na O, zilizoandikwa jinsi Mwingereza anavyozitamka, nazo ni kifupi cha idara ya ramani za bahari ya jeshi la majini la Uingereza. Kisiwa kikubwa katika kundi hilo, Barrientos, hutembelewa na watalii wanaokwenda kuwaona pengwini, lakini miamba inayokizunguka imepata majina kwa zamu kutoka kwa nchi tofauti, na Bulgaria imo. Okol Rocks, kwa mfano, imepewa jina la makazi yaliyoko magharibi mwa Bulgaria.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo kwa Wabulgaria, maana bila orodha hii nisingelijua mchango wao. Miamba na visiwa vidogo kadhaa katika South Shetland vina majina ya meli za uvuvi za kampuni ya bahari kuu ya mji wa Burgas, ambazo zilivua katika maji ya kusini tangu mwaka 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Meli zenyewe zilikuwa vyombo vya kazi tu, si vya wavumbuzi mashuhuri, na ni haki kabisa kwamba zikumbukwe mahali zilipotafutia riziki. Tume ya majina ya Bulgaria ilifanya jambo jingine la maana. Ili majina yake yaweze kuandikwa kwa herufi za Kilatini bila mkanganyiko, mwaka 1995 iliweka utaratibu wake wa kuhamisha maandishi ya Kisirili, yanayotumika kuandika Kibulgaria, na utaratibu huohuo baadaye ukawa wa taifa zima, hadi kuingizwa katika sheria ya Bulgaria mwaka 2009. Alama za barabarani na hati za kusafiria za nchi ya Ulaya zinafuata kanuni iliyotungwa kwanza kwa ajili ya mawe ya Antaktika, na jambo hilo peke yake linatosha kumjibu anayeuliza kazi hii ina faida gani.

Sasa nifike kwenye suala ambalo watumiaji wengi hulilalamikia, nalo ni wingi wa majina kwa mahali pamoja. Mfano maarufu ni wa kisiwa kikubwa, King George Island: Chile inakiita Isla Rey Jorge, Argentina inakiita Isla 25 de Mayo kwa kukumbuka mapinduzi yake ya mwaka 1810, na Warusi wana jina la Vaterloo tangu msafara wa Bellingshausen wa mwaka 1821. Miamba midogo iliyo kando ya Rasi ya Antaktika nayo imo katika mvutano huohuo, kwa sababu Uingereza, Argentina na Chile zinadai maeneo yanayoingiliana. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini mwaka 1959 na nchi 12, Afrika Kusini ikiwamo, uliyaacha madai hayo yalivyo katika ibara yake ya nne, bila kuyathibitisha wala kuyafuta. Majina yakabaki kuwa njia mojawapo ya nchi kuonyesha kwamba ilifika, ilipima na inajali.

Wapo wanaotaka SCAR ichague jina moja na kuyaondoa mengine. Sikubaliani nao hata kidogo. Ni kweli kwamba SCAR yenyewe huzihimiza nchi zisitoe jina jipya kwa umbile ambalo tayari lina jina, na hilo ni agizo jema kwa siku zijazo. Lakini kuyafuta yaliyokwisha kutolewa kungekuwa ni kutoa hukumu ya mipaka kwa mlango wa nyuma, na kungepoteza historia. Chukua mwamba wa kutua wa Wafaransa, Rocher du Débarquement, katika visiwa vya Dumoulin. Januari 1840 watu wa nahodha Mfaransa Dumont d'Urville walitua juu ya jiwe hilo, si juu ya bara lenyewe lililokuwa mbele yao nyuma ya ukuta wa barafu, wakasimamisha bendera, na kwa kitendo hicho Ufaransa ikadai nchi ya Adélie, sehemu ya pwani ya Antaktika. Kundi la visiwa lina jina la mpima bahari wa msafara, Vincendon-Dumoulin. Ukiliondoa jina la mwamba huo kwa ajili ya usafi wa orodha, umeondoa kiini cha dai zima.

Maelezo ya asili ya majina yanaonyesha pia jinsi maadili ya kazi hii yalivyobadilika. Mwaka 1839 nahodha John Balleny, aliyekuwa akiongoza meli mbili, Eliza Scott na Sabrina, aliviona visiwa ambavyo leo vina jina lake, na visiwa kadhaa kati ya hivyo vikapewa majina ya wafanyabiashara waliochangia gharama za safari. Sabrina ilipotea na watu wake wote katika dhoruba mwaka huohuo, na jina lake sasa limo katika kisiwa kidogo ambacho kwa ajili ya ndege wake kimekuwa eneo lenye ulinzi maalumu. Leo kamati ya Marekani hukataa waziwazi majina yanayopendekezwa kwa sababu ya fedha au vifaa vilivyochangwa, kwa sababu ya undugu au urafiki, na hata majina ya mbwa wa kuvuta sileji. Anayesoma kurasa za Balleny na kisha za majina ya karibuni huiona tofauti hiyo bila kuelezwa na mtu, na kwa mwalimu wa jiografia hilo ni somo kamili.

Mapungufu ya huduma yapo, na sehemu kubwa yanatokana na asili yake. Kwanza, orodha inafuata mpaka wa Mkataba, yaani latitudo 60 Kusini. Bahari haiujui mpaka huo. Shag Rocks, iliyo kilomita 240 hivi magharibi mwa kisiwa cha South Georgia, ina historia ambayo ningependa kuiona katika ukurasa uleule. Yaelekea ndiyo iliyoonwa mwaka 1762 kutoka kwenye meli ya Kihispania iitwayo Aurora, ikazaa visiwa vitatu vya Aurora vilivyoandikwa katika ramani. Meli Atrevida ikadai kuvipima mwaka 1794, na nahodha Mwingereza James Weddell akavitafuta mwaka 1820 asivione. Clerke Rocks, upande wa pili wa South Georgia, ilipewa mwaka 1775 jina la Charles Clerke, afisa wa James Cook aliyeiona kwanza. Zote mbili ziko kaskazini mwa mpaka, hivyo anayezitafuta lazima aende kwingine. Vivyo hivyo kwa Bouvetøya, kisiwa cha Norway katika bahari ya kusini, na miamba yake, ambayo imo katika huduma ya majina ya Taasisi ya Ncha za Dunia ya Norway pamoja na Svalbard na Jan Mayen.

Pili ni usahihi wa mahali. Majina mengi ya zamani yalipimwa kwa digrii na dakika tu. Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85, kwa hiyo kipimo kilichokadiriwa hadi dakika iliyo karibu kinaweza kuwa mbali na jiwe lenyewe kwa mita 900 hivi kuelekea kaskazini au kusini. Kwa mlima hilo si neno. Kwa mwamba wa mita 50 ni sawa na kuambiwa mtaa bila kuambiwa nyumba. Nchi mbili zikipima jiwe moja kwa nyakati tofauti, nukta zao hutofautiana, na mtumiaji asiyetazama namba ya kuunganisha anaweza kuamini kwamba kuna mawe mawili. Aina ya umbile nayo hufuata maneno ya nchi husika, hivyo kinachoitwa mwamba upande mmoja huweza kuitwa kisiwa kidogo upande mwingine. Kwa sababu hizo orodha hii haiwezi kuchukua nafasi ya ramani rasmi ya baharini, na yeyote anayeingiza nukta zake katika chombo cha kuongozea meli anaitumia kwa kazi ambayo haikuundiwa.

Tatu, si nchi zote hutuma maelezo yenye uzito uleule. Baadhi ya kurasa zina aya nzima, nyingine zina jina na nambari tu, na maelezo mengi yako kwa Kiingereza. Huu ndio udhaifu unaonihuzunisha zaidi, maana nimesema wazi kwamba hazina yenyewe imo katika maelezo.

Kuna swali moja ambalo orodha ya majina, hata ikiwa bora kiasi gani, haiwezi kulijibu, nalo ni kama jiwe lipo. Mfano mzuri unatoka upande wa pili wa dunia, kaskazini mwa Greenland, ambako ardhi ya mwisho kabla ya ncha imekuwa ikitafutwa kwa zaidi ya karne. Mpelelezi Mmarekani Robert Peary alikiona mwaka 1900 kisiwa ambacho Mdenmark Lauge Koch alikifikia mwaka 1921 na kukiita Kaffeklubben, kwa kukumbuka kikundi cha kahawa cha makumbusho ya madini huko Copenhagen. Mwaka 1978 wapimaji wa Denmark wakakuta mbele yake kijisiwa cha kokoto, wakakipa jina la Oodaaq, mwindaji wa Greenland aliyefuatana na Peary katika safari ya ncha ya kaskazini. Vikafuata vingine, hadi mwaka 2021 watafiti walipotua kwa helikopta juu ya rundo la matope na changarawe lililopendekezewa jina la Qeqertaq Avannarleq, kisiwa cha kaskazini kabisa. Mwaka uliofuata msafara mwingine ulipima kina cha bahari mahali hapo na kukuta kwamba hakuna mwamba chini yake. Vijisiwa hivyo vilikuwa siwa barafu (vipande vikubwa vya barafu vinavyoelea) zilizokwama, zikiwa zimefunikwa na udongo. Kaffeklubben ikarudi kuwa ardhi ya kaskazini kabisa.

Tukio hilo halipunguzi thamani ya kumheshimu Oodaaq, na ningesikitika jina lake likiachwa liyeyuke pamoja na barafu. Linatuonyesha tu kwamba kuidhinishwa kwa jina ni kitendo cha kamati, ilhali kuwapo kwa mwamba huthibitishwa na kipimo cha kina. Aktiki haina orodha moja inayounganisha mamlaka zote za majina kama ilivyo Antaktika, na baada ya kuzitumia huduma za pande zote mbili naona pengo hilo waziwazi. Anayefuatilia visiwa vya kaskazini hulazimika kuruka kutoka kwa Norway hadi Denmark na Greenland, na kutoka Urusi hadi Kanada, kila mmoja na taratibu zake za uandishi.

Kwa walimu, wanahabari, wafasiri na wanaoandika makala za ensaiklopedia kwa Kiswahili, naipendekeza huduma hii bila kusita, kwa sharti kwamba waitumie hadi mwisho wa ukurasa. Usichukue jina la kwanza linalojitokeza ukaondoka. Tazama namba inayoliunganisha na majina mengine, soma maelezo ya kila nchi, linganisha nukta zao, kisha unapoandika taja jina pamoja na nchi iliyolitoa, na uliache katika tahajia yake. Ukiandika juu ya eneo linalogombaniwa, taja majina yote yanayotumika, hata kama yatakula nafasi. Na iwapo mwamba unaoutafuta uko kaskazini mwa latitudo 60, nenda moja kwa moja kwenye huduma ya Norway au orodha ya South Georgia, kwa sababu humu hutaupata.